Elbo ya hewa kwa gari lenye nguvu: mpira, silikoni, alumini au plastiki kwa barabara za Tabora na Kigoma

Elbo ya hewa ni kile kipande kilichopinda kinachotoa hewa kwenye boksi la eya klina na kuipeleka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), au kwenye mdomo wa turbo kama gari lina turbo. Gereji nyingi huuita mpira wa eya klina tu, hata ukiwa wa plastiki. Mwenye Forester ya turbo, Impreza au Mark II akianza kuliongezea gari nguvu, mara nyingi hiki ndicho kitu cha kwanza anachonunua, kwa sababu kinaonekana ukifungua boneti na kinafungwa kwa bisibisi. Sokoni utakuta mpira kama wa kiwandani, silikoni, alumini na plastiki ngumu. Ipo pia elbo ya kuchongesha mtaani, nayo ina shida zake.

Tuanze na nguvu, maana ndiyo inayowafanya watu wanunue kitu kisichowafaa. Injini ya lita 2 isiyo na turbo, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta hewa kama lita 100 kila sekunde. Kwenye bomba la milimita 70 hewa hiyo hupita kwa mwendo wa mita 26 kwa sekunde. Kona kali, iliyokatwa na kuungwa kwa pembe, itakula presha ya paskali 400 hivi. Kona laini yenye mzunguko mpana itakula kama 100. Tabora ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa pale ni kama paskali 88,000. Kwa hiyo ile tofauti ya 300 ni theluthi moja tu ya asilimia moja: gari la nguvu za farasi 150 limepata nusu farasi. Ule mwinuko peke yake umeshakula zaidi ya asilimia 10 ya nguvu ukilinganisha na gari hilohilo likiwa Dar es Salaam. Kigoma, kando ya ziwa, ipo chini kidogo, mita 770 na ushee, na hasara yake ni ndogo zaidi.

Kwenye turbo hesabu hubadilika. Turbo inayosukuma hadi presha mara mbili ya ile ya nje inavuta hewa mara mbili, mwendo ndani ya elbo unakuwa mara mbili, na hasara ya kona inakuwa mara nne. Isitoshe, presha iliyopotea kabla ya turbo huzidishwa na turbo yenyewe: ukipoteza kilopaskali 1 mdomoni, umepoteza 2 upande wa pili. Hapo elbo nzuri ina faida inayohesabika, ingawa bado si ile ya kukusukuma mgongo kwenye kiti. Mvumo mkubwa unaosikika baada ya kubadilisha unatokana zaidi na kuondoka kwa kile kiboksi cha pembeni ambacho kiwanda kiliweka ili kutuliza mlio.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza dukani ni haya. Je, itaziba bila kuvuja? Itabaki na umbo lake ikivutwa hewa kwa nguvu kwenye joto? Na haitaidanganya sensa?

Gari lako linapima hewa wapi?

Hili ndilo linaloamua nusu ya chaguo, na ndilo ambalo wauzaji wengi hawaliulizi.

Magari mengi yana sensa ya eafulo, yaani ya kupima mkondo wa hewa, iliyochomekwa kwenye bomba mara tu baada ya boksi la eya klina. Forester SG5 ya turbo iko hivyo. Sensa hii haipimi hewa yote inayopita. Inasoma mkondo unaopoza waya wake mdogo wa moto, kisha kontroboksi (kompyuta ya injini) inakisia jumla kwa kutumia upana wa bomba uliowekwa kiwandani. Ukipanua bomba pale sensa ilipokaa kutoka milimita 65 hadi 70, nafasi ya ndani inaongezeka kwa asilimia 16, hewa inapita taratibu, na sensa inaripoti pungufu ya asilimia 14 hivi. Kontroboksi inamwaga mafuta kidogo kuliko hewa iliyoingia. Kwenye mwendo wa kawaida itajaribu kufidia kwa kusikiliza sensa ya oksijeni, na ikizidiwa taa ya injini itawaka na mashine ya kupima itatoa kodi ya P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa. Hatari kubwa ipo ukikanyaga hadi chini. Hapo magari mengi huacha kufuata sensa ya oksijeni na kutegemea eafulo. Mafuta yanakuwa machache wakati injini inayahitaji zaidi, injini inaanza kugonga, na kwa turbo kugonga huko kunaweza kuvunja pistoni kwa kupanda mlima mmoja tu.

Basi kwa gari la eafulo, kipande kinachobeba sensa lazima kiwe na kipenyo cha ndani kilekile cha kiwandani, labda kama umeshapanga na fundi wa kurekebisha programu ya kontroboksi. Elbo yenyewe, ile ya baada ya sensa, unaweza kuipanua bila kuharibu usomaji. Sensa pia isikae mara tu baada ya kona: iachie bomba lililonyooka, sentimita 10 hadi 15 kabla yake, la sivyo hewa inaifikia ikiwa imesokotana na sailensi (mizunguko ya injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka. Mshale uliochorwa kwenye sensa uelekee injini.

Magari mengine, kama Honda nyingi za miaka ya 1990, hupima presha ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Haya hayajali upana wa elbo kwa upande wa mafuta, na una uhuru mkubwa wa kuchagua. Kutambua ni rahisi: angalia bomba linalotoka kwenye eya klina. Ukikuta sensa yenye waya tatu hadi tano, iliyofungwa kwa skrubu mbili, hiyo ni eafulo. Ikiwa na waya mbili tu, mara nyingi ni ya joto la hewa, na ile ya presha utaikuta kwenye manifoldi au ukutani mwa injini, imeunganishwa kwa kimpira chembamba.

Mpira wa kiwandani

Kwa gari ambalo halijaguswa, mpira mpya wa kiwandani bado ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani. Unavumilia joto la kama nyuzi 120, una vichwa vyote vya kuchomekea mipira midogo mahali pake, na una ile mikunjo ya katikati kama ya kodiani. Mikunjo hiyo ina kazi. Boksi la eya klina limefungwa kwenye bodi, throto imefungwa kwenye injini, na injini hucheza juu ya mauntingi zake sentimita moja au zaidi kila unapokanyaga na kuachia. Mikunjo ndiyo inayomeza mchezo huo.

Hapo kwenye mikunjo ndipo pia mpira unapoanza kupasuka. Mpira mkuukuu ukiuangalia umelala mezani utaapa ni mzima. Ushike kwa mikono miwili, ukunje kinyume hadi bonde la kila mkunjo lifunguke, na uzunguke nao polepole ukielekea mwanga. Ufa utajitokeza ghafla kama mdomo uliofumbuka, mara nyingi upande wa chini ambao macho hayafiki ukiwa kwenye gari. Dalili yake barabarani inajulikana kwa mafundi wazoefu: gari linatetereka au kuzima ukiweka D na kukanyaga, lakini kwenye R linaenda vizuri. Injini ikiegemea upande mmoja ufa unafunguka, ikiegemea upande mwingine unajifunga.

Spea za mtumba ndizo zilizojaa, na kwa mpira huu ndipo mtego ulipo. Mpira uliotoka kwenye gari la miaka 20 umeshapikwa miaka 20. Kama huwezi kuukunja dukani kama tulivyoeleza, usiununue.

Silikoni

Hii ndiyo tunayoiona inafaa magari mengi yaliyoongezwa nguvu huku kwetu, lakini silikoni hazifanani. Nzuri huvumilia nyuzi 180 bila shida, ina unene wa milimita 4 hadi 5, na ukiangalia mdomo uliokatwa utahesabu tabaka za kitambaa ndani yake, tatu au nne. Ile ya bei ya chini ina tabaka moja au mbili, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inaitika kama puto.

Mambo mawili huharibu silikoni. La kwanza ni mvuto. Kabla ya turbo elbo haisukumwi, inavutwa, na kwenye joto silikoni nyembamba hujikunja ndani na kufunga njia. Gari linaenda vizuri hadi mizunguko 4,000, kisha linakata pumzi. Ukisimamisha na kufungua boneti, elbo imeshajirudi na huoni kosa. Kwa mdomo wa turbo, chukua yenye waya wa chuma uliozungushwa ndani ya kuta zake.

La pili ni mvuke wa oili. Mpira wa brizi unaotoka kwenye injini humwaga mvuke huo ndani ya elbo, na silikoni ya kawaida huunyonya, ikavimba na kulainika pale kwenye klipu. Elbo inayopokea brizi iwe na utando wa fluorosilikoni ndani, silikoni inayostahimili oili. Wauzaji wazuri huandika hivyo kwenye maelezo. Kama hakuna, chukulia haipo.

Klipu nazo ni sehemu ya bei. Zile za kawaida zenye matundu kwenye mkanda hukata silikoni kama wembe wa polepole. Tumia zenye mkanda laini ndani au zenye bolti ya pembeni. Kaza hadi silikoni ianze kuvimba kidogo pembeni mwa mkanda, kisha acha.

Alumini

Inang'aa, haizeeki, haijikunji ikivutwa. Swali la kwanza la kila mtu ni joto: je, haipashi hewa moto? Kwa mwendo, hofu hiyo ni kubwa kuliko tatizo. Elbo ya sentimita 30 hewa huipita kwa kama mia moja ya sekunde ukiwa kwenye kasi, na haipati muda wa kupata moto wa maana. Ukiwa umesimama kwenye sailensi, hewa ileile hutambaa mita 1 kwa sekunde, na bomba lililo karibu na rejeta au ekzosi linaipasha kweli. Anayepanda milima ya Kigoma kwa gia ndogo nyuma ya lori, au anayesubiri kwa muda mrefu Oktoba mchana, ataona gari limezubaa kwa sekunde chache anapokanyaga tena. Likishashika kasi linarudi.

Tatizo kubwa la alumini ni ugumu wake. Haina mikunjo. Ukiiunga moja kwa moja kati ya boksi na throto, mchezo wote wa injini unaishia kwenye miguu ya boksi la eya klina, na plastiki hiyo itapasuka. Lazima kila upande uwe na kiunganishi cha silikoni, mmoja kati ya hivyo uwe na nundu katikati, na mabomba yaachane milimita 5 hadi 10 ndani yake.

Ukiipokea, pitisha kidole mdomoni. Kuwe na ukingo ulioinuka kuzunguka nje, ambao huzuia kiunganishi kuchomoka. Ndani kusiwe na matone ya uchomeleaji: tone moja likiachia linaenda kwenye mapanga ya turbo yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kuta ziwe milimita 1.5 hadi 2. Kona iwe imepindwa bila kubonyea. Na kama gari lako ni la eafulo, kitako cha sensa kiwe kimechomelewa na kuchongwa tayari, kwa sababu alumini huchomelewa kwa mashine ya agoni na si kila gereji inayo.

Plastiki ngumu na elbo za mtaani

Plastiki ya kumwagwa kwenye kalibu ni nyepesi, haipashi hewa, na umbo lake huwa sahihi. Angalia aina tu: ya nailoni iliyochanganywa nyuzi za kioo inastahimili, ya ABS huanza kulainika karibu nyuzi 100. Ikizeeka huvunjika kwenye vichwa vya mipira midogo, na gundi haishiki hapo kwa muda mrefu.

Elbo ya bomba la maji la PVC tunaikataa kabisa. Hulainika kwenye nyuzi 75 hadi 80, na nyuma ya rejeta joto hilo si la ajabu. Ikilainika inavutwa na kujifunga. Bomba la ekzosi lililokatwa na kuchomelewa lina hatari nyingine, hasa Kigoma kwenye unyevu wa ziwa: linashika kutu kwa ndani, na magamba ya kutu yanapita baada ya chujio, yakielekea moja kwa moja kwenye injini.

Vumbi

Mei hadi Oktoba Tabora ni vumbi, na ukitoka kwenye lami kuingia barabara za mashamba ya tumbaku nyuma ya malori, huoni boneti yako. Elbo ipo baada ya chujio. Chochote kinachoingia kwenye ufa wake hakichujwi tena: mchanga huo husaga ringi na kulika mapanga ya turbo. Ndiyo maana seti zinazouzwa na chujio la koni lililo wazi ndani ya boneti hatuzipendekezi huku. Bakiza boksi la kiwandani na chujio lake la karatasi, badilisha elbo peke yake. Na usipitishe mdomo wa hewa chini ya bampa kutafuta hewa ya baridi: masika, dimbwi moja lenye kina linatosha kuingiza maji na kupinda konrodi.

Kipimo cha vumbi ni kitambaa cheupe. Baada ya wiki mbili za safari, fungua upande wa throto, ingiza kitambaa kikavu na ufute ukuta wa ndani wa elbo. Kikitoka na mafuta meusi kidogo, ni brizi, ni kawaida. Kikitoka na unga wa rangi ya udongo wa barabarani, kuna mahali panavuja, au chujio halijakaa kwenye kitako chake.

Kupima kabla ya kuagiza

Spea nyingi za aina hii zitatoka Dar es Salaam kwa basi, na kosa la milimita 6 ni safari nyingine. Pima kwa venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo. Kama huna, zungusha ukanda wa karatasi kwenye mdomo, weka alama zinapokutana, nyoosha, pima urefu na ugawanye kwa 3.14. Ukipata milimita 220, kipenyo ni 70. Ukipata 239, ni 76. Pima kila mdomo peke yake, kwa sababu upande wa boksi na wa throto mara nyingi havilingani. Silikoni hunyooka milimita 2 hadi 3 kuingia bomba kubwa, lakini haisinyai kuziba bomba dogo. Hesabu pia vichwa vyote vya mipira midogo vilivyo kwenye elbo ya zamani na upana wa kila kimoja. Kichwa kimoja kikikosekana, mafundi huishia kuziba brizi kwa bolti, na oili inaanza kutokea kwenye sili.

Kwa Forester na Impreza za turbo zenye injini ya EJ20, jua kwamba elbo ya mdomo wa turbo imepita chini ya manifoldi. Hiyo ni kazi ya siku nzima ya kuinua manifoldi, na gasketi zake mpya ziwe mkononi kabla hujaanza. Ziba matundu ya hewa kwa vitambaa safi mara manifoldi inapoinuka. Kwa kazi ngumu namna hiyo, usifunge mpira wa mtumba.

Ukikata silikoni, funga klipu kwenye mstari unaotaka kukata na ifuate kwa wembe mpya, itakatika kwa kunyooka. Bomba liingie sentimita 3 hivi, klipu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka, si juu yake. Usipake grisi kulainisha, tumia maji kidogo ya sabuni na uache yakauke.

Kisha jaribu kabla ya barabara. Chomoa brizi na uzibe kichwa chake kwenye elbo, ziba mdomo wa upande wa eya klina kwa kifuniko chenye nozo ya tairi, ingiza hewa isiyozidi 0.2 ya baa kwa pampu ya mkono, na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likichemka, kaza au kata upya. Baadaye, ukiwa na mashine ya kupima, soma fidia ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kontroboksi imeongeza: ikiwa juu, ama panavuja baada ya sensa, ama bomba la sensa ni pana kuliko la kiwandani.

Gari lisilo na turbo na halijaguswa, lenye eafulo: mpira mpya wa kiwandani, na pesa iliyobaki inunue chujio. Turbo iliyoongezwa presha: silikoni yenye waya na fluorosilikoni, upana wa sensa ukibaki uleule. Alumini tungempa mwenye gari la sensa ya presha, mwenye mauntingi nzima, ambaye hakai sana kwenye foleni. Plastiki ya nailoni tungeichukua kama imetengenezwa kwa modeli yako hasa, si ile ya kulazimisha. Chochote utakachofunga, kaza klipu tena baada ya kilomita 500, injini ikiwa ya baridi, kwa sababu silikoni hukaa na klipu hulegea kidogo baada ya kupashwa moto mara kadhaa, na siku hiyohiyo pitisha kitambaa cheupe.